Panya Akikata Waya

Kazi ya kwanza niliyopewa katika karakana ya shule ya sekondari ya ufundi ilikuwa kusugua chuma kwa tupa. Mwalimu alitugawia vipande vilivyokatwa kwa msumeno, kila mmoja chake, akatuagiza tuvibane kwenye jiliwa na kuvipiga tupa mpaka kila uso uwe bapa na kila pembe iwe ya digrii 90. Viganja vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, mwishowe yakawa sugu. Ukijiona umemaliza, ulikipeleka chuma chako mezani kwake. Hakusema neno. Alikiwekea skwea, akakiinua kuelekea dirishani, akakuonyesha uzi mwembamba wa mwanga unaopenya kati ya skwea na chuma. Unarudi kwenye jiliwa.

Nimekaa katika vikao vingi vya kupitia mitaala ya uhandisi, na karibu kila kikao huwa na mtu anayeuliza kwa nini bado tunatumia saa za wanafunzi kwenye tupa wakati viwanda vinaendeshwa na kompyuta. Swali lake ni halali. Saa za masomo ni chache na mambo ya kujifunza yameongezeka: kuandika programu, mitandao ya viwandani, uchambuzi wa data, akili unde. Lazima kitu kitoke ili kingine kiingie. Hata hivyo huwa napinga, na sababu zangu sikuzitoa vitabuni. Nilizipata nilipokuwa nafanya kazi viwandani, kabla ya kuingia darasani kufundisha, nikiona ni wapi hasa kijana msomi hukwama mashine inaposimama.

Tupa ilinifundisha umbali uliopo kati ya mchoro na kitu chenyewe. Katika mchoro mstari hauna unene, pembe ni kamili, uso hauna mkwaruzo. Chuma kina tabia zake: kina sehemu ngumu na sehemu laini, hupata moto ukikisugua kwa pupa, na kikipata moto hutanuka, kwa hiyo kipimo ulichokichukua sasa hivi sicho utakachokikuta kikipoa. Mtu aliyelijua hilo kwa mikono yake tangu utotoni hawi mwepesi wa kuamini namba kwa sababu tu imeandikwa vizuri. Na sasa ambapo karibu kila habari ya kiwanda hutufikia ikiwa namba kwenye skrini, hiyo ndiyo tabia ninayoitafuta kwanza kwa mhandisi.

Nilipofika Mlimani, Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa bado kichanga. Kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi, na mafunzo kwa vitendo, PT kama tulivyozoea kuyaita, yalikuwa sehemu ya shahada yenyewe. Darasani tulijaza ubao milinganyo ya mifumo inayojirekebisha yenyewe. PT ilitupeleka kwenye joto, kelele na mafuta.

Mimi niliangukia kiwanda cha nguo. Nilikabidhiwa kwa fundi mchundo wa umeme, mtu mzima aliyevaa ovaroli iliyopauka mpaka rangi yake ya kwanza haikujulikana.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umeleta mikono au umeleta kalamu?”

“Vyote viwili, mzee.”

“Basi kalamu iweke mfukoni kwanza.”

Akafungua paneli. Ndani kulikuwa na rilei kwa safu, juu mpaka chini. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme: umeme ukipita kwenye koili, kipande cha chuma kinavutwa, nacho kinafunga au kufungua njia ya umeme mwingine. Ukizipanga nyingi kwa utaratibu maalumu unapata mashine inayofuata hatua: kianze hiki, kisha kile, na mlango wa usalama ukiwa wazi kisianze chochote. Ilikuwa akili ya mashine, na ilikuwa wazi mbele ya macho. Mzee yule aliisikiliza. Mtambo ukiwashwa rilei ziligonga moja baada ya nyingine kwa mfuatano aliokwisha kuujua, na mtambo ukikataa kuwaka alijua ni mlio wa ngapi umekosekana, akaenda moja kwa moja kwenye rilei yenye kasoro. Alikuwa ameishia darasa la saba. Milinganyo yangu hakuijua, lakini alikuwa anaisoma mantiki ya mtambo ule vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwepo kiwandani, wakiwemo waliokuwa juu yake.

Miaka mingi baadaye, nikijiandaa kufundisha, nilisoma jinsi rilei hizo zilivyoanza kuondolewa huko Marekani. Mwaka 1968 idara ya General Motors iliyotengeneza giaboksi za magari ilitaka kitu cha kuchukua nafasi ya paneli za rilei. Kila modeli ya gari ilipobadilika, paneli hizo zilibidi zifumuliwe na kufungwa nyaya upya, kazi ya muda mrefu na gharama kubwa. Kampuni ndogo ya Massachusetts, Bedford Associates, alikokuwa mhandisi Dick Morley, ilileta kompyuta ya kiwandani iliyoitwa Modicon 084, kwa kuwa ulikuwa mradi wao wa themanini na nne. Hiyo ndiyo mzazi wa vifaa tunavyoviita leo PLC, vinavyoendesha mashine za kujaza chupa, mitambo ya saruji, pampu za maji na lifti za majengo.

Kilichonigusa zaidi katika habari hiyo ni jinsi kompyuta ile ilivyopewa maagizo. Wangeweza kuwataka mafundi wajifunze lugha za kompyuta za wakati ule. Badala yake waliifanya kompyuta isome michoro ya rilei, ile ile waliyoizoea mafundi umeme: nguzo mbili za umeme kushoto na kulia, na vidato katikati, kila kidato kikiwa ni sharti na tendo lake. Mpaka leo programu nyingi za PLC huandikwa kwa mchoro huo wa ngazi. Wabunifu waliisogeza mashine kuelekea kwa fundi. Mzee wangu wa kiwanda cha nguo angeketishwa mbele ya mchoro wa ngazi kwa muda mfupi tu, angeusoma. Hakuna aliyemketisha.

Naona hapo ndipo elimu yetu ilipopotea njia. Kompyuta ilipoingia kiwandani tuliichukulia kuwa ni mambo ya wasomi, tukaipa wasomi peke yao, na wasomi wenyewe tukawafundisha skrini bila paneli. Wale waliokuwa na masikio ya kusikia rilei walibaki nje ya mlango.

Miaka ya tisini ilikuja na ubinafsishaji. Viwanda vingine vilikufa, vingine viliuzwa, na vilivyopona vilianza kununua mitambo mipya. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa katika kiwanda cha vinywaji Dar es Salaam. Laini mpya ya kujaza chupa ilifungwa na wataalamu wa msambazaji kutoka Ulaya. Walikuja, wakafunga, wakatufundisha vitufe vya kuwasha na kuzima, wakaondoka na kompyuta zao.

Kwa miezi kadhaa laini ilikwenda vizuri. Kisha, alasiri moja, ilisimama. Skrini iliandika kwamba chupa haipo, ingawa chupa tuliziona zimejipanga kwenye mkanda. Ukiiwasha upya ilitembea kidogo, ikasimama tena. Jioni ikapona yenyewe. Kesho yake asubuhi hakuna tatizo, alasiri imesimama. Tulimwita mtaalamu kutoka ng’ambo. Alipofika alibadilisha kadi ya PLC, akarekebisha muda fulani ndani ya programu, na baada ya siku chache tatizo likaisha. Akaandika ripoti, akalipwa, akaondoka. Miezi michache baadaye likarudi.

Aliyelifumbua alikuwa mama mmoja, kibarua wa kupanga kreti mwishoni mwa laini. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu, kwa sababu kazi yake haikuhesabiwa kuwa ya kiufundi. Siku hiyo nilikuwa nimesimama karibu naye nikiitazama mashine iliyozima.

“Injinia,” aliniambia, “hii mashine inaogopa jua.”

Nilimwomba aeleze. Akanionyesha matundu ya hewa kwenye ukuta wa magharibi. Jua likishuka mpaka kwenye tundu la tatu, mashine inasimama. Likipita, inaamka. Alikuwa ameliona hilo tangu mara ya kwanza, na aliona pia kwamba kuna miezi ambayo jua halipiti kwenye tundu lile.

Kuanzia hapo kazi iligawanyika. Fundi sanifu wetu, kijana aliyetoka chuo cha ufundi, alifungua paneli na kuitazama kadi ya PLC. Kwenye kadi kila waya unaoingia una taa yake ndogo, na taa ya sensa inayohesabu chupa ilitakiwa kuwaka na kuzima kila chupa inapopita. Jua lilipofika kwenye tundu la tatu, taa ilibaki imewaka. Sensa ile hurusha mwanga kuvuka mkanda, mwanga ukagonga kioo kidogo na kurudi. Chupa ikipita, mwanga unakatika. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja kwenye jicho la sensa, kwa hiyo chupa ikipita sensa bado inaona mwanga. Kwa PLC hiyo ina maana moja tu, kwamba chupa haipo. Haikuwa na kosa. Ilikuwa inatii ilichoambiwa.

Sehemu yangu ilikuwa kueleza kwa nini tatizo linakuja na kuondoka. Kuelekea Juni jua letu huchwea kaskazini zaidi, kuelekea Desemba hurudi kusini, kwa hiyo mahali pale linapita mara mbili kwa mwaka, likienda na likirudi. Mtaalamu wa ng’ambo hakuponya kitu. Jua lilisogea akiwa bado hotelini. Mwisho wa yote fundi mchundo alikata kipande cha bati, akakikunja kwenye jiliwa, akapiga tupa kingo zake zisikate mtu, akakifunga juu ya sensa kama kofia. Laini haikusimama tena kwa sababu hiyo.

Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kila mwaka, na huwa nawaonya wasikichukue kuwa kisa cha hekima ya mtu asiyesoma kuwashinda waliosoma. Yule mama aliona lini. Hakuweza kujua kwa nini. Fundi sanifu aliona taa. Hakuwa na sababu ya kufikiria mzunguko wa mwaka. Mimi nilijua habari za jua na sensa, ila ningebaki nazo kichwani mwaka mzima bila kujua nizipeleke wapi. Na bila mtu wa kukunja bati tungebaki na maelezo mazuri na laini iliyosimama. Maarifa ya kiwanda chenye mitambo inayojiendesha yametawanyika kwa watu wengi, na mashine kadiri inavyojiendesha yenyewe ndivyo yanavyozidi kutawanyika, kwa sababu kila mtu anaona kipande kidogo tu cha kinachotokea. Mhandisi asiyejua kumuuliza kibarua swali kwa heshima, na kumsikiliza mpaka mwisho, ana upungufu wa kitaaluma. Natamani upungufu huo uwekwe kwenye mtihani kama tunavyoweka kutojua milinganyo.

Kisa cha pili ni cha mwaka 2006, mwaka wa ukame na mgao mkali wa umeme nchini. Nilikuwa nimeshahamia kiwanda kingine. PLC za zamani nyingi zilihifadhi programu yao katika kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote, na umeme wa gridi ukikatika betri ndogo ndani ya PLC ndiyo iliyoishikilia. Katika mtambo mmoja betri hiyo ilikuwa imekwisha kitambo, na taa yake ya onyo iliwaka bila mtu kujua inaonya nini. Mgao ulipokuja, umeme ulikatika, programu ikafutika. Umeme uliporudi mtambo wa gharama kubwa ulikuwa hauna akili. Mota zote zilikuwa nzima, nyaya nzima, sensa nzima. Nakala pekee ya programu ilikuwa kwa aliyetuuzia, na mkataba haukumlazimisha kutupatia. Tulisubiri, huku wafanyakazi wakirudishwa nyumbani.

Nilichokiona hapo sijakisahau. Katika paneli za rilei, aliyekuwa na mashine alikuwa na akili yake pia, kwa sababu akili ilikuwa nyaya na nyaya zilikuwa zake. Kwenye PLC unaweza kununua chuma chote na usinunue akili. Ni jambo la kisheria na la kibiashara, lakini anayepaswa kulijua kabla ya saini kuwekwa ni mhandisi, kwa kuwa meneja wa ununuzi hawezi kudai kitu ambacho hajui kama kipo: programu yenyewe ikiwa wazi na yenye maelezo, nywila, michoro ya nyaya inayolingana na kilichofungwa kweli, na nakala iliyojaribiwa ikakubali. Katika chuo nilichosoma mimi hakuna somo lililogusa hilo. Vyuo vingi hadi leo havijaligusa.

Mwaka 2011, katika maonyesho ya viwanda ya Hannover, Wajerumani walitangaza kile walichokiita Industrie 4.0, mapinduzi ya nne ya viwanda. Hesabu yao ilikwenda hivi: kwanza mvuke na maji, pili umeme na mkanda wa uzalishaji, tatu elektroniki na kompyuta, wakianzia na ile Modicon ya Morley, na sasa ya nne, mashine zinazowasiliana zenyewe kwa mtandao. Neno hilo limeshaingia katika hotuba na mitaala yetu, na wengi wanalisoma kana kwamba kila hatua imefuta iliyotangulia.

Ingia kiwanda cha sukari au cha vinywaji hapa kwetu. Utakuta boila ya mvuke inayohitaji mtu anayeelewa shinikizo na maji magumu yanayoacha magaga ndani ya mabomba. Utakuta mota kubwa zinazopasha moto beringi. Utakuta PLC, nyingine mpya na nyingine za umri wa mwanafunzi wangu. Na utakuta meneja anayepokea takwimu za uzalishaji kwenye simu akiwa Mwanza. Mapinduzi yote manne yako chini ya paa moja, yanategemeana, na hitilafu inayoonekana kwenye simu huenda chanzo chake ni magaga ya boila. Ndiyo maana siungi mkono mtaala unaotupa cha zamani ili kuonekana wa kisasa, na siungi mkono pia wale wanaotaka tuendelee kama miaka ya themanini. Ninachotaka ni mhandisi anayeweza kushuka kutoka kwenye simu mpaka kwenye boila na kurudi juu bila kukatika njiani.

Nimewahi kuambiwa kwamba haya ni mambo ya nchi zenye viwanda vichanga, kwamba wenzetu walioendelea wameshayavuka. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka dakika sita baadaye. Walikufa watu wote 157, na Wakenya walikuwa 32. Miezi minne na ushee kabla yake, Oktoba 29, 2018, ndege ya aina hiyo hiyo, Boeing 737 MAX, ilianguka baharini Indonesia ikiwa na watu 189. Katika ajali zote mbili kulikuwa na mfumo wa kompyuta, MCAS, unaosukuma pua ya ndege chini ukiona imeinuka kupita kiasi. Ndege ilikuwa na sensa mbili za kupima pembe hiyo, lakini mfumo ulisikiliza moja tu kwa wakati mmoja. Sensa iliposema uongo, mfumo uliamini, ukasukuma, ukasukuma tena. Kabla ya ajali ya kwanza marubani hawakuwa wameelezwa hata kwamba mfumo huo upo.

Nilikaa na habari hiyo kwa muda mrefu. Hilo ni tatizo la laini yetu ya chupa, kwa kipimo cha mamia ya roho: sensa moja, namba inayoaminiwa bila shahidi wa pili, na watu walioko mbele ya mashine wakinyimwa habari ya kinachofanyika ndani yake. Waliousanifu mfumo ule hawakukosa hesabu wala kompyuta. Kuuliza “je, kama kipimo hiki ni cha uongo?” ni tabia, na tabia hufundishwa mapema, kwa vitendo, mara nyingi, mpaka iwe mazoea.

Kwa hiyo katika karakana ninayofundisha sasa swali langu la kwanza kwa wanafunzi linahusu panya. Nawapa kazi ndogo: mota, kitufe cha kuwasha, kitufe chekundu cha kuzima, PLC. Wengi huimaliza haraka kwenye kompyuta zao kwa programu ya kuigiza mitambo, na kwenye skrini mota ya kuigiza inazunguka na kusimama vizuri kabisa. Kisha nauliza: panya akikata waya wa kitufe chekundu usiku, asubuhi mashine ifanye nini?

Kimya.

Ukifunga kitufe cha kuzima kwa namna kwamba umeme hupita pale tu unapokibonyeza, waya ukikatika hutajua. Mashine itawaka kama kawaida, na siku mkono wa mtu utakaponaswa na mkanda, mwenzake atakibonyeza kitufe chekundu na hakuna kitakachotokea. Ukifunga kinyume chake, umeme ukapita muda wote na ubonyezaji ukaukata, basi waya uliokatwa na panya ni sawa na kitufe kilichobonyezwa: mashine inakataa kuwaka, inakulazimisha utafute kasoro kabla ya mtu kuumia. Kwenye programu ya kuigiza namna zote mbili hufaulu mtihani, maana humo hakuna panya. Hakuna vumbi la saruji, hakuna umeme unaoshuka jioni, hakuna fundi aliyefunga kwa muda waya wa rangi isiyo yake akasahau. Kwa hiyo baada ya skrini tunakwenda kwenye paneli halisi, na mimi ndiye panya. Nachomoa waya wanapokuwa nje, wanaingia, wanatafuta.

Paneli hizo nyingi nimeziomba viwandani, vitu vilivyong’olewa vikisubiri kuuzwa chuma chakavu. Hazifanani na picha za maabara katika vipeperushi vya vyuo, na hiyo ndiyo faida yake: zina alama za mikono ya watu, marekebisho yasiyo kwenye mchoro, harufu ya koili iliyowahi kuungua. Mwanafunzi akiweza kuisoma paneli aliyoikuta imeharibiwa na wengine, mpya haitamtisha. Mjadala wao pale, lazima niseme, huwa wa Kiswahili kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata kwa wale ambao darasani wakiulizwa kwa Kiingereza hunyamaza. Hapo ndipo ninapojua nani ameelewa na nani amekariri.

Siku hizi wengine huja na programu ya ngazi iliyoandikwa na akili unde. Sizikatai. Nyingi zimeandikwa kwa unadhifu kuliko zao. Nawauliza tu kitufe chekundu kimefungwaje kwenye paneli hii, waya upi umeingia wapi, na hapo kila mtu hulazimika kuinuka kwenye kiti, maana jibu liko ndani ya paneli.

PT yenyewe imedhoofika, na hilo linaniumiza. Wanafunzi wameongezeka kuliko viwanda vinavyoweza kuwapokea, na wengi hukaa wiki nane ofisini wakipanga mafaili, kisha logibuku hugongwa muhuri. Viwanda navyo vina hofu inayoeleweka: mtambo ukisimama saa moja hasara ni kubwa, na masharti ya dhamana ya msambazaji hukataza kuguswa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa kuwaweka wahitimu chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu, na nimeona vijana waliobadilika kabisa kwa kupitia mpango huo. Lakini miaka hiyo mitatu inakuja baada ya shahada. Mtu aliyekaa miaka minne bila kufungua paneli huanza akiwa na woga ambao wengine hawautoi tena.

Na mitambo inayotusubiri si midogo. Treni za umeme zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Vitu hivi vinategemea programu kuliko chochote tulichowahi kuwa nacho, na vitatakiwa kufanya kazi baada ya waliovifunga kurudi makwao na kustaafu. Wanaokaa darasani kwangu leo ndio watakaovirithi.

Muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu alinisimamisha nje ya karakana. Alikuwa ametoka PT katika kiwanda cha kusindika unga.

“Mwalimu, nilimwomba injinia wa pale anionyeshe programu. Akasema hata yeye hana nywila.”

“Ukafanyaje?”

“Nikachora.”

Akanipa logibuku. Alikuwa ameufuata kila waya kutoka kwenye sensa mpaka kwenye kadi, akauandika namba, kisha akasimama mbele ya paneli zamu baada ya zamu akiangalia taa za kadi zinavyofuatana, mpaka akapata mpangilio wa hatua za mtambo mzima na kuuandika upya kwa mchoro wa ngazi. Injinia wa pale aliomba nakala kabla kijana hajaondoka. Katika ukurasa wa mwisho alikuwa ameweka alama ya kuuliza kwenye taa moja inayowaka mtambo unapopakuliwa, ambayo hakuweza kuipatia sababu.

“Hii ni nini, mwalimu?”

Niliuangalia mchoro kwa muda. Kwa nyaya alizozichora, sensa inayoiwasha taa ile haikuwa na kazi yoyote pale. Nilimwambia awapigie simu kiwandani aombe ruhusa ya sisi wawili kwenda Jumatatu, wakati wa kubadilisha zamu, na abebe mita yake.